Kozi ya Ushairi wa Kiswahili, wanafunzi 280, wasaidizi wawili: naipangaje?

Mhadhiri_Mgeni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Muhula ujao nimekabidhiwa kozi ya Ushairi wa Kiswahili, mwaka wa pili. Wanatarajiwa wanafunzi 280, wengi wao wa shahada ya ualimu. Kozi ina krediti 12, wiki 15 za kufundisha, mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kila wiki. Wasaidizi ni wawili, ndiyo kwanza wameajiriwa. Alama ni 40 za koswaki (kazi za muhula) na 60 za mtihani wa mwisho.

Muhtasari niliorithi una matini 11 na mada 14. Koswaki yake ni insha mbili, uwasilishaji wa vikundi na majaribio mawili. Sioni itawezekanaje. Naomba ushauri kwenye haya: matini zibaki ngapi na zipi, semina ziendeshweje zisigeuke mhadhara wa pili, insha zinazoandikwa na akili mnemba zidhibitiweje, na mtihani utungwe vipi ili mtu asiupite kwa desa (notisi za kukariri) tu. Kama kuna mtego ambao sijauona, nitajieni.

---

Bi_Kituo

Marahaba. Kabla ya kugusa matini, piga hesabu ya saa, maana ndiyo itakayokuamulia mengine yote.

Anza na saa za mwanafunzi. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi, kwa hiyo kozi yako ina saa 120. Mihadhara inachukua 30, semina 15. Zinabaki 75 za kusoma mwenyewe, kuandika insha na kujiandaa na mitihani. Ukitoa 30 za insha na maandalizi, zimebaki 45 za kusoma ushairi. Matini 11 ndani ya saa 45 ni saa nne kwa kila moja, na hapo tunazungumzia diwani nzima na tenzi zenye lugha ya zamani. Hakuna atakayesoma. Watasoma muhtasari wa mtu mwingine, na wewe utakuwa umewafundisha kufanya hivyo.

Halafu saa zako. Insha moja ya maneno 1,000 ukiisoma kwa haki inakula dakika 12. Mara 280 ni saa 56. Mkigawana watatu ni saa 18 na dakika 40 kila mmoja, na insha mbili ni maradufu ya hapo. Jaribio la maswali mafupi likitungwa vizuri ni dakika 5 kwa karatasi, yaani saa 23 na ushee kwa darasa zima. Mtihani wa mwisho wa maswali matatu, dakika 7 kila swali, ni saa 98. Jumlisha insha mbili, majaribio mawili na mtihani: saa 257, na bado hujaandaa mhadhara hata mmoja.

Ndiyo maana koswaki ya huo muhtasari kwa kawaida huishia kwenye insha zinazorudishwa wiki ya mtihani, zikiwa na alama bila neno lolote pembeni. Punguza hivi: jaribio moja alama 15, wiki ya 7. Insha moja alama 15, ikusanywe wiki ya 10 na irudi wiki ya 12. Kadi za semina alama 10. Uwasilishaji wa vikundi ufute kabisa. Kikundi cha watu wanane huwa na msomaji mmoja, mchapaji mmoja na majina sita.

Jambo jingine: mabadiliko ya koswaki na matini yapitishe idarani kabla muhula haujafunguliwa, kwa maandishi. Muhtasari uliopitishwa ndio mtahini wa nje atakaoushika mkononi akikagua mtihani wako. Kama umeacha matini saba kimyakimya, ataandika kwamba mtihani haukugusa sehemu kubwa ya kozi, naye atakuwa na haki.

---

Mzee_wa_Tarbia

Nakubaliana na Bi_Kituo kwenye hesabu. Mimi niseme juu ya matini.

Zibaki nne, na kila moja iwe na kazi yake ambayo nyingine haiwezi kuifanya. Utenzi mmoja wa kale wa upwa wa kaskazini. Uteuzi wa mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, kwa ajili ya shairi kama silaha ya mji na majibizano. Diwani moja ya tarbia, yaani mashairi ya beti za mishororo minne, ya karne ya 20. Na diwani moja ya mashairi huru, yasiyofungwa na urari wa vina na silabi, ambayo kwa darasa la Tanzania ni vigumu kumkwepa Kezilahabi na diwani yake Kichomi ya 1974, maana hapo ndipo mgogoro wa wanamapokeo, waliotetea urari huo, na wanausasa, waliotetea mashairi huru, ulipowaka. Kuhusu mgogoro wenyewe usiwape mhadhara wa "wanamapokeo walisema, wanausasa wakajibu". Wape kurasa mbili tatu za kanuni za utunzi alizoziandika mshairi Amri Abedi mwaka 1954, kisha shairi huru moja, waulize ni kanuni ipi imevunjwa na shairi limepata nini badala yake. Wanaokariri majina ya pande mbili hukwama hapo mara moja.

Kwa utenzi, wa Mwana Kupona unafaa kwa sababu ni mfupi, beti mia na ushee, na wa 1858. Ila usiufundishe kama orodha ya "nafasi ya mwanamke katika jamii". Mwandishi ni mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtawala aliyepigana na Sultani wa Unguja. Ni mgonjwa, anamwandikia binti yake. Mwanafunzi akijua hayo kabla ya kusoma, wasia ule hausomeki tena kama kitabu cha adabu tu.

Sasa mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo. Wiki tatu za kwanza zitumie hapo, usione aibu kwamba ni jambo la sekondari. Wanafika mwaka wa pili wakiwa wamekariri kwamba tarbia ina mizani 16 lakini hawawezi kuihesabu. Wape mshororo uliotungwa kwa ajili ya zoezi tu, kama huu:

*Mwalimu ashika chaki, ubao wajaa vumbi,*
*Maneno hayasomeki, wa nyuma hawayaimbi.*

Nane kwa nane, vina -ki na -mbi. Waambie wabadilishe "wajaa" iwe "umejaa". Utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, umefika tisa, na sikio linaanza kukwaruzwa. Kisha wape vipande viwili vya kuwatega: "Mtoto ameamka" na "Ng'ombe wameshaondoka". Vyote vina nane. Cha kwanza wengi watasema sita, kwa sababu wanaiunganisha m ya "mtoto" na ile ya "ameamka" kwa silabi inayofuata, ilhali kila moja inasimama peke yake: m-to-to a-me-a-m-ka. Cha pili wengine watasema tisa au kumi kwa kuivunja ng' au mb au nd, ilhali hapo herufi zinakwenda pamoja: ng'o-mbe wa-me-sha-o-ndo-ka. Mtu aliyekosea vyote viwili kwa njia tofauti ndani ya dakika tano haisahau tofauti hiyo. Hawa ni walimu watarajiwa. Mwakani wako mazoezini mbele ya kidato cha tatu wakifundisha kitu hikihiki.

Na tafadhali, mizani isiwe mwisho wa safari. Swali la pili baada ya kuhesabu liwe daima: hapa mshairi amefupisha au amerefusha neno gani ili ipatikane nane, na neno hilo lingekuwa refu lingebadilisha nini? Bila swali hilo unafundisha uhasibu.

---

Mvita_Kongowea

Mzee wa Tarbia nakuheshimu, lakini hapo kwa wiki tatu za mizani mwanzoni nitakupinga. Darasa la 280 ukilianzisha kwa kuhesabu, nusu yao watakuwa wameshajiambia kwamba ushairi ni hesabu, na hata ukifika kwa Muyaka watakuwa wanatafuta vina tu. Anza na sikio. Wiki ya kwanza na ya pili wasikilize: shairi likighaniwa, utenzi ukisomwa kwa mahadhi yake, wimbo wa taarabu. Waulize pumzi inakatika wapi. Wataona wenyewe kwamba inakatika katikati ya mshororo, na hapo ndipo unawapa majina, ukwapi na utao. Kuhesabu kuje wiki ya tatu kama jibu la swali ambalo wao wenyewe wameliuliza.

Kitu nyeti kuliko hicho ni toleo. Watu hupanga matini bila kuangalia ni toleo gani liko mikononi mwa wanafunzi. Tungo za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na mtindo wa zamani wa hati hizo haukutofautisha o na u, wala e na i, na mara nyingi mb iliandikwa kwa herufi ya b peke yake. Kwa hiyo kila toleo la hati za Kirumi tayari ni tafsiri ya mhariri. Wahariri wawili huusoma mshororo mmoja kwa njia mbili, na wote wawili wana sababu.

Balaa zaidi ni matoleo yaliyosanifishwa. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema mato, kitwa, ndia, moya. Mshairi ametia kina cha -to kwa "moto" na "mato". Akaja mtu na nia njema akaandika "macho" ili wanafunzi waelewe. Kina kimekufa, na mwanafunzi wako ataandika kwenye mtihani kwamba mshairi "ameshindwa kuzingatia urari wa vina". Hiyo utaisahihishaje, wakati yuko sahihi kwa karatasi aliyopewa?

Kwa hiyo chagua toleo moja, liandike kwenye muhtasari kwa mhariri na mwaka, na beti zote zitajwe kwa namba za toleo hilo. Kwa maneno magumu, kamusi sanifu haitoshi. Elekeza maktaba iwaweke mezani kamusi ya Krapf ya 1882 na ile ya Sacleux iliyotoka 1939. Ya kwanza ni ya Kiingereza, ya pili ya Kifaransa, lakini maneno ya Kimvita (lahaja ya Mombasa) na Kiamu yaliyomo humo huyapati kwingine. Wasiojua Kifaransa bado wanaweza kuona neno limetajwa kuwa la lahaja gani, na mara nyingi hilo ndilo linalohitajika.

Kuna zoezi moja la semina linalofanya kazi kila mara. Chukua picha ya ukurasa wa muswada wenyewe. Chuo cha SOAS cha London kimeweka miswada ya Kiswahili mtandaoni, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake mkubwa. Katika kila kikundi hukosi wanafunzi wawili watatu waliosoma madrasa. Wape ubeti mmoja wausome kwa sauti, wengine waandike wanachosikia. Linganisheni na toleo la kitabuni. Ndani ya nusu saa wameona mhariri anachofanya, na wale wa madrasa wamegundua wana utaalamu ambao chuo hakijawahi kuwauliza.

---

Mzee_wa_Tarbia

Mvita, la sikio nimelikubali, mradi wiki ya tatu isiliwe. Tatizo la kuanza na sikio kwenye ukumbi wa watu 280 ni spika. Sauti ya simu kupitia maikrofoni haisikiki nyuma ya safu ya kumi, na shairi lisilosikika ni kelele. Mhadhiri akajaribu spika siku moja kabla, au atafute mtu wa kughani papo hapo. Kuna kila dalili kwamba darasani mwenyewe yupo.

La toleo sina la kuongeza ila hili: angalia kama kitabu kinapatikana. Diwani kadhaa zilizomo kwenye mihutasari hazijachapwa upya kwa miaka. Nakala mbili maktabani kwa watu 280 maana yake ni kwamba kitabu hakipo. Ziombe ziwekwe kwenye rafu ya akiba, mtu asome ndani kwa saa mbili na kurudisha. Mwongozo wako utaje mashairi mahususi, tuseme manane kutoka kila diwani, siyo diwani nzima. Kutoa nakala ya kitabu kizima na kukiuza pale stesheneri ya getini ni kuvunja hakimiliki, na ni wewe utakayeonekana umeagiza. Kama kitabu bado kinauzwa, mwandikie mchapishaji mapema umwambie idadi. Nakala 280 ni oda ya maana kwake.

---

SeminaSaaTano

Nijibu la semina na la akili mnemba pamoja, maana dawa ni moja.

Vikundi: 280 gawanya kwa 12 ni watu 23 au 24. Zaidi ya 25 siyo semina. Mkichukua vinne vinne kila mmoja, nawe ukiwemo, ni saa 4 za semina kwa wiki kwa mtu. Usiwaachie wasaidizi vyote sita sita. Kwanza, ni wageni kazini. Pili, mhadhiri asiyekaa semina hajui darasa lake halijaelewa nini mpaka asome mtihani.

Tiketi ya kuingilia semina ni kadi: nusu karatasi, mwandiko wa mkono. Ina vitu vitatu tu. Namba ya ubeti mmoja kutoka shairi la wiki. Neno moja ambalo hakulielewa, kamusi inasemaje, na kwa nini maana hiyo inakaa au haikai pale. Swali moja ambalo jibu lake si ndiyo wala siyo. Alama 0, 1 au 2. Kadi 24 zinasahihishwa kwa dakika 10. Fanya semina 10 zenye kadi, hesabu tano bora, umepata alama 10 za koswaki bila kulala na furushi la karatasi. Kuhesabu tano bora kunaondoa pia zile barua za "nilikuwa naumwa" za kila wiki.

Saa yenyewe: mmoja asome shairi zima kwa sauti, asimame. Usikubali lipitwe kwa "wote tumesoma". Jinsi mtu anavyosoma, anavyokosea pumzi, anavyoruka neno, utaona pale pale shairi limemgomea wapi. Kisha chukua kadi tatu zenye maswali mazuri, yaandike ubaoni, mjadala uanzie hapo. Msaidizi asijibu swali kabla ya wanafunzi watatu kujibu. Wasaidizi wageni huogopa kimya. Sekunde kumi za kimya wanaziona kama dakika tano, wanaanza kuhadhiri, na semina imekufa. Waambie wahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano.

Mkutane wewe na wasaidizi dakika 30 kila wiki kabla ya semina ya kwanza, mkiwa na shairi mkononi. Siyo kugawana majibu, bali kukubaliana ni swali lipi kikundi kisitoke bila kulifikia.

Kuhusu akili mnemba: usitegemee programu za kugundua. Kwa Kiswahili hazitoi kitu unachoweza kukitetea mbele ya kamati ya nidhamu, na programu za kulinganisha maandishi zinakamata tu kilichonakiliwa neno kwa neno kutoka mahali zinapopaona. Tegemea swali. "Jadili dhamira za ukombozi katika ushairi wa Kiswahili" linajibiwa na mashine kwa sekunde, na kwa kweli linajibiwa na desa la miaka kumi iliyopita. Badala yake: "Chagua ubeti mmoja kati ya beti 5 hadi 12 za shairi fulani kwenye toleo letu. Onesha jinsi kituo (mshororo wa mwisho wa ubeti) kinavyobadilika maana kutoka ubeti wa kwanza hadi ubeti huo. Ambatisha kadi zako mbili za semina zinazohusu shairi hili na ueleze ni wapi umebadili mawazo." Mashine ikilazimishwa kunukuu beti za Kiswahili ambazo haina, hubuni. Mishororo ya kubuni ina dalili: mizani 7 au 9, kina kinachopotea ubeti wa pili, msamiati wa gazeti ndani ya shairi la Muyaka, rejea ya kitabu ambacho mwandishi huyo hajawahi kuandika. Kuhakiki nukuu tatu za insha moja ni dakika mbili ukiwa na toleo mezani.

Ukishuku, usiandike tuhuma. Mwite kwa dakika tatu, mpe shairi, mwombe akuelezee sentensi mbili za insha yake mwenyewe. Akiweza, imekwisha. Asipoweza, andika alichosema, msaidizi ashuhudie, na mpe alama ya kile alichoweza kukieleza kama kanuni za chuo chenu zinaruhusu, au peleka idarani. Lakini utaratibu huu uwe kwenye muhtasari tangu wiki ya kwanza. Ukiuanzisha katikati, utaonekana unawawinda watu fulani.

---

Mhadhiri_Mgeni

Nashukuruni sana, nimeanza kuona njia. Nimebakiza matini nne, na la kadi nitalichukua kama lilivyo. Bado mtihani. Ule wa mwaka jana ulikuwa maswali saba, jibu matatu, kila moja alama 20, saa tatu. Yote saba ya "jadili". Je, nivunje muundo huo?

---

Bi_Kituo

Vunja. Maswali saba ukachagua matatu maana yake mwanafunzi anaweza kuacha zaidi ya nusu ya kozi akapata A. Na maswali saba si rahisi yawe na uzito sawa. Kila mwaka kuna moja linalobebwa na kila mtu na moja ambalo hakuna anayeligusa.

Muundo mzuri kwa alama 60: swali la kwanza la lazima, alama 24, halafu chagua mawili kati ya manne, alama 18 kila moja. La lazima liwe shairi ambalo hawajawahi kuliona, beti tatu au nne, limechapwa kwenye karatasi ya mtihani. Vipengele vyake vipande kwa ngazi. Alama 4: hesabu mizani ya mishororo miwili iliyotajwa kwa namba na uoneshe silabi. Alama 6: taja mahali pawili ambapo umbo limelazimisha neno kubadilika na ueleze. Alama 6: kazi ya kituo. Alama 8: aya mbili za tafsiri yako zikiwa na ushahidi wa mishororo isiyopungua mitatu. Shairi lisiloonekana haliwezi kukaririwa, na wale waliohudhuria semina wanapumua wakiliona.

Mtego wa uchapaji huu hapa, na unawakamata wengi. Mshororo wa mizani 16 ni mrefu. Ukichapa kwa herufi kubwa au ukaacha pambizo pana, kipande cha mwisho kinashuka chini. Kwenye nakala ubeti wa mishororo minne unaonekana una minane. Mwanafunzi mwaminifu atakwambia ni bahari (aina ya shairi) nyingine kabisa. Chapa herufi ukubwa wa 11, weka namba ya mshororo kushoto, na angalia karatasi iliyotoka kwenye mashine, siyo ile ya kwenye kompyuta. Angalia na alama ya ritifaa kwenye ng'. Kuna mashine zinazoifuta, na "ng'oa" na "ngoa" si neno moja.

Mwongozo wa usahihishaji uandikwe siku ileile mtihani unapotungwa, siyo baada ya karatasi kurudi. Ukishindwa kuandika jibu la alama 18, swali lako lina kasoro, na heri uijue kabla msimamizi wa ndani hajaiona. Ndani ya mwongozo andika istilahi zinazokubalika. Shule mbalimbali zinafundisha kituo, kibwagizo, kiitikio, na baadhi wanavitenganisha, baadhi hawavitenganishi. Amueni: kama kozi yako imevitenganisha, anayechanganya akatwe kiasi gani? Bila hivyo msaidizi mmoja atakata 2 na mwingine hatakata kitu.

Kusahihisha, gawaneni kwa swali, siyo kwa furushi. Mtu mmoja asahihishe swali la kwanza la karatasi zote, la sivyo vikundi viwili vitakuwa na walimu wawili wa tabia mbili. Kabla ya kuanza, chukueni karatasi 15, zitoleeni nakala, kila mmoja wenu asahihishe swali la kwanza peke yake bila kuona alama za mwenzake, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi alama 2 kati ya 24, tatizo liko kwenye mwongozo. Urekebisheni, halafu endeleeni. Asubuhi hiyo moja inaokoa wiki ya rufaa. Na ukishamaliza karatasi 60 pumzika. Baada ya hapo mkono unaanza kutoa 11 kwa kila kitu.

---

Mvita_Kongowea

Kwa walioko huku kwetu wanaosoma uzi huu: vyuo vingi vya Kenya ni 30 kwa 70, kwa hiyo badilisheni hesabu ya Bi_Kituo. Kadi zishuke ziwe alama 6, jaribio 12 na insha 12. Mengine yanabaki yalivyo.

Mgeni, usimpuuze Abdilatif Abdalla unapochagua diwani ya tarbia. Sauti ya Dhiki ilitoka 1973, mwaka mmoja baada ya yeye kutoka kifungoni, na mashairi yake aliyatunga ndani ya jela. Faida yake kwa darasa ni kwamba Kimvita chake kimeachwa kama kilivyo, na mna humo shairi la majibizano ya ndugu wawili juu ya mnazi ambalo linakaa vizuri mkabala wa Muyaka. Wanafunzi wa bara watalalamika juu ya lugha wiki ya kwanza. Wape orodha ya maneno 40, ukurasa mmoja. Usiwape shairi lililosanifishwa.

---

SeminaSaaTano

Makosa ya alama nayo yatajwe, maana ndiyo yanayokuletea foleni mlangoni. Matatu yanajirudia: jumla ya ndani haifanani na ya juu ya jalada, ukurasa wa nyuma haukusomwa, na 36 kuingizwa kama 63. La kwanza na la pili mtu mwingine apitie kila kijitabu, sekunde 20 kila kimoja, ni saa moja na nusu kwa 280. La tatu mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye kijitabu, mwingine afuate kwenye skrini. Mtu mmoja kujihakiki mwenyewe hakusaidii, jicho linaona ililotegemea kuona.

Koswaki ibandikwe wiki moja kabla ya mtihani, kila mmoja asaini mbele ya namba yake ya usajili. Anayesema kadi zake zimepotea aseme wakati huo, siyo baada ya matokeo akiwa anaelekea sapu (mtihani wa marudio).

---

Mhadhiri_Mgeni

Moja la mwisho. Wiki ya kwanza wanafika wangapi? Nisije nikaanza na mada nzito ukumbi ukiwa mtupu.

---

Mzee_wa_Tarbia

Usitegemee hata nusu. Wengine wanahangaika na usajili, wengine bumu (mkopo wa wanafunzi) halijaingia na nauli hawana. Fanya aliyosema Mvita: wasikilize, wazoee ukumbi, uwapitishe kwenye muhtasari. Kadi zianze wiki ya tatu, vikundi vya semina vipangwe kwa orodha ya wiki ya tatu pia. Ukivipanga wiki ya kwanza utavipanga tena. Wiki ya 15 iache wazi kabisa kwenye ratiba, usiijaze mada. Italiwa na sikukuu, na mkutano wa dharura wa idara, na siku ambayo umeme utakatika ukumbini saa mbili asubuhi. Siku hiyo ya umeme kukatika, kwa njia, ndiyo siku nzuri ya kughani.